Mwenyeji, Mgeni na Mzawa: Msamiati wa Uenyeji katika Bonde la Rufiji na Namna ya Kuielewa Hofu ya Utaifa Mkali

IKISIRI

Makala hii inafafanua dhana ya utaifa mkali wa mrengo wa kulia kwa kuitazama kupitia msamiati ambao Kiswahili kinautumia kutaja mahusiano ya waliotangulia na waliofuata mahali. Eneo la mfano ni kata ya Chumbi, wilayani Rufiji, ambako wakulima wa bondeni na wafugaji waliofika kutoka mikoa mingine wanaishi jirani kwa mashaka. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi inayotumiwa na vyombo vya habari vya Kiswahili inamficha msikilizaji kiini cha jambo, na kwamba kiini hicho kinaonekana vizuri zaidi katika tofauti ya maneno mawili ya kawaida, yaani mwenyeji na mzawa. Uchambuzi umetegemea data za maktabani pamoja na uchunguzi wa kimofolojia. Sentensi za mfano zimeundwa na mtafiti.

1.0 Utangulizi

Mwezi Januari 2024 idhaa za Kiswahili zilitangaza habari za maandamano makubwa nchini Ujerumani. Chanzo chake kilikuwa taarifa ya waandishi wa habari za uchunguzi kuhusu mkutano uliofanyika mjini Potsdam mwezi Novemba 2023, ambapo wanasiasa na wanaharakati, baadhi yao wa chama cha AfD, walijadili mipango ya kuwaondoa nchini watu wenye asili ya kigeni. Kilichowashtua wengi ni kuripotiwa kwamba mjadala huo haukuwaacha nje hata watu wenye uraia. Mwaka mmoja baadaye, katika uchaguzi wa Februari 2025, chama hicho kilichoanzishwa mwaka 2013 kilipata zaidi ya asilimia 20 ya kura na kushika nafasi ya pili.

Habari hizi zinasikika Chumbi kama zinavyosikika Dar es Salaam. Chumbi ni kata iliyo kusini ya Mto Rufiji, kandokando ya barabara iendayo Lindi. Msafiri huifikia baada ya kuvuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo alisubiri kivuko cha Ndundu, na mvua zikizidi alisubiri sana. Mkazi wa Chumbi anayesikiliza habari za Potsdam huzichukua kama mambo ya Wazungu. Ana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu lugha aliyosimuliwa imejaa maneno ambayo hayana mizizi katika maisha yake. Hata hivyo, mkazi huyohuyo amekwisha kusikia barazani kwake sentensi zenye maana ileile: kwamba kuna watu wamekuja, wamezidi, hawafanani nasi, na warudi walikotoka. Watu wanaosemwa hivyo Chumbi ni raia wa Tanzania, na Ibara ya 17 ya Katiba inawapa haki ya kwenda na kuishi mahali popote katika Jamhuri ya Muungano.

Swali la makala hii linatokana na umbali kati ya taarifa ya redio na sentensi ya barazani. Je, ni jambo moja lililotajwa kwa maneno mawili, au ni mambo mawili? Jibu lina uzito wa kiutendaji. Tukisema ni jambo moja bila uangalifu, tutamwita mkulima aliyeliwa mpunga wake kuwa mfuasi wa siasa za chuki. Tukisema ni mambo mawili kabisa, hatutatambua siku ambayo malalamiko ya mpunga yamegeuka kuwa kitu kingine.

2.0 Tatizo la Istilahi

Istilahi iliyozoeleka katika vyombo vya habari ni siasa kali za mrengo wa kulia. Neno mrengo linamkumbusha mtu wa pwani neno mrengu, yaani mti unaokitanda chombo cha ngalawa na kukizuia kisipinduke. Katika picha hiyo mrengu wa kulia na wa kushoto hufanya kazi moja, na chombo hakiwezi kuukosa mmoja. Katika siasa za Ulaya, kulia na kushoto vilitokana na mpangilio wa viti vya wabunge wa Ufaransa wakati wa mapinduzi ya 1789, na vinamaanisha pande zinazopingana. Msikilizaji wa Kiswahili hapewi historia ya viti hivyo, hivyo neno kulia linabaki tupu. Pengine linabaki na sifa njema, kwa kuwa katika desturi zetu mkono wa kulia ndio mkono wa chakula na wa salamu.

Kwa upande wa kinadharia, Mudde (2007) anatofautisha makundi mawili ndani ya familia hii ya siasa. Kundi la kwanza linaikataa demokrasia yenyewe. La pili linakubali kura lakini linakataa kwamba walio wachache wana haki ambazo kura haiwezi kuziondoa. Kinachoyaunganisha makundi haya, kwa maoni yake, ni itikadi inayodai kwamba nchi ikaliwe na watu wa kundi la asili pekee, na kwamba watu na mawazo yasiyo ya kundi hilo ni tishio kwa taifa. Itikadi hiyo ndiyo ambayo makala hii inaiita uzawa, na ndiyo inayopotea tunapotafsiri kwa kufuata mwelekeo wa mkono.

Geschiere (2009), akilinganisha Kamerun na Uholanzi, ameonyesha kwamba madai ya kuwa wa asili yaliibuka upya Afrika na Ulaya katika kipindi kimoja, wakati ambapo siasa za vyama vingi Afrika na mijadala ya wahamiaji Ulaya zilifanya swali la nani ni wa hapa liwe na faida ya kisiasa. Hoja yake inatuondolea dhana kwamba tunasoma ugonjwa wa watu wengine. Lakini Geschiere hakuwa na Kiswahili mbele yake, na Kiswahili kina jambo la kuongeza.

3.0 Mwenyeji, Mgeni, Mzawa na Mhamaji

Neno mwenyeji limeundwa kwa mwenye na mji. Mwenyeji ni mwenye mji, mtu anayemiliki mahali kwa maana ya kupajua na kupasemea. Halina ndani yake mofimu yoyote inayotaja kuzaliwa. Kwa sababu hiyo tunaweza kusema bila kukosea, "Nimekaa hapa miaka mitatu, sasa nimekuwa mwenyeji." Tena linakubali kimilikishi cha uhusiano: "Mwenyeji wangu alinipokea stendi." Katika sentensi hii mwenyeji yupo kwa sababu mgeni yupo.

Mgeni nalo ni neno la uhusiano. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hakitenganishi kwa maneno mawili mtu aliyealikwa na mtu asiyejulikana. Wote ni wageni. Aliyebisha hodi usiku huitwa mgeni kabla hajatambulika, na jina hilo tayari limemdai mwenye nyumba maji na mkeka. Methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, inaonyesha kwamba ugeni una muda, na kwamba unamalizwa na kazi. Ifahamike kuwa methali hiyo ni ya mkulima. Inadhani kwamba mgeni atalipokea jembe. Haisemi lolote kuhusu mgeni anayefika na ng'ombe mia mbili.

Mzawa limejengwa tofauti. Linatokana na kitenzi zaa katika umbo la kutendwa, zawa, ambalo leo limeachia nafasi zaliwa. Mzawa ni aliyezaliwa, basi. Hatusemi "nimekuwa mzawa", kwa kuwa tendo lenyewe limekwisha kabla ya msemaji kuwa na kauli. Wala hatusemi "mzawa wangu" kwa maana ya "aliyenipokea". Mwenyeji anamhitaji mgeni ili awe mwenyeji. Mzawa hamhitaji mtu yeyote. Hapa ndipo penye tofauti ya msingi. Neno la kwanza lina mlango ambao mtu hupita, na la pili ni ukuta.

Mtu asidhani kwamba mtafiti anaipamba historia ya pwani. Katika karne ya 19 lilikuwapo neno jingine la kitenzi hichohicho, mzalia, ambalo lilitumika kwa mtumwa aliyezaliwa pwani, tofauti na aliyeletwa kutoka bara. Mzalia alizaliwa hapa, alisema Kiswahili, pengine aliswali msikiti mmoja na bwana wake, na bado hakuhesabiwa mwungwana. Ushahidi huu unakata pande mbili. Unaonyesha kwamba kuzaliwa mahali peke yake hakukumpa mtu uenyeji. Unaonyesha pia kwamba ngazi ya uenyeji ilikuwa na vidato, na kwamba waliokaa juu hawakuharakisha kuwavuta waliokuwa chini. Tunaposema mlango ulikuwapo, hatusemi kwamba ulikuwa wazi kwa wote saa zote.

Jozi ya mwisho ni mhamaji na mhamiaji. Tofauti yake ni kiambishi kimoja tu cha kutendea, -i-. Mhamaji, kutoka hama, ni mtu ambaye sifa yake ni kuondoka. Mhamiaji, kutoka hamia, ana mahali anapokwenda. Kiambishi hicho kidogo kinamtengenezea kituo. Katika nyaraka za serikali na katika magazeti, mfugaji wa Rufiji huitwa mfugaji mhamaji hata kama amejenga, amesomesha na amezika katika kijiji kilekile kwa zaidi ya miaka kumi. Lugha imemnyima kituo. Akiitwa mhamiaji, mara nyingi kivumishi haramu kinafuata, nacho ni cha dini kabla ya kuwa cha sheria. Nyama huwa haramu, mali huwa haramu, na sasa mtu. Hakuna kosa jingine la kiutawala, liwe la leseni ya biashara au la kodi ya pango, ambalo Kiswahili kimelipa jina zito kiasi hicho na kulibandika kwa mtendaji badala ya tendo.

4.0 Bonde la Rufiji: Nani Alitangulia?

Uzawa unahitaji jibu la swali la nani alitangulia. Katika bonde la Rufiji swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Jina Warufiji lenyewe halikuanza kama jina la kabila moja lenye babu mmoja. Ni jina la watu waliokaa bondeni, na ndani yake wameingia Wandengereko, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengine, kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti. Wanyagatwa wa delta wana historia yao ya uvuvi na bahari. Biashara ya boriti za mikoko, zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, iliwaleta wakataji na wachukuzi kutoka mbali. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambavyo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivitayarishia dawa, viliwaunganisha watu wa makabila kadhaa kwa maji ya mto huuhuu. Njaa iliyofuata vita iliwatawanya.

Uhamaji wa karibu zaidi ni wa ndani ya kumbukumbu ya walio hai. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, katika kile kilichojulikana kama Operesheni Rufiji. Familia zilizokuwa zimetawanyika karibu na mashamba yao zilipangwa mstari mmoja pamoja na majirani wasiowachagua. Mashamba yalibaki bondeni, na watu waliendelea kuyafuata, wakilala katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege. Mtafiti amelelewa katika familia ya aina hiyo. Neno alilolisikia nyumbani kwa miaka yote ni "kwetu bondeni". Jina la kabila lilitajwa msibani na harusini, kwa utani.

Kwa hiyo anayesema leo kuwa ni mzawa wa kijiji chake mara nyingi anazungumzia kijiji kilichopangwa na serikali chini ya miaka sitini iliyopita. Hilo halimnyang'anyi haki yake ya ardhi. Linaonyesha tu kwamba haki hiyo inatokana na kulima, kukaa na kutambuliwa, yaani inatokana na uenyeji.

5.0 Kutoka Ihefu hadi Rufiji

Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, na hasa katika ardhioevu ya Ihefu. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi na upungufu wa maji katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wafugaji, wengi wao Wasukuma na Wabarabaig, walielekezwa mikoa ya kusini, hasa Lindi. Njia ya kwenda Lindi inapita Rufiji. Baadhi walifika walikoelekezwa, na baadhi walibaki njiani, kwa sababu bonde la Rufiji lina majani na maji wakati ambapo kwingine kumekauka.

Hapo panahitaji maelezo, kwa kuwa chanzo cha mgogoro ni cha kalenda kabla hakijawa cha kabila. Mkulima wa Rufiji ana msimu unaoitwa mlau. Mafuriko ya masika yanapoondoka, huacha tope lenye rutuba na unyevu, na mkulima hupanda mahindi na mboga katika tope hilo bila kutegemea mvua. Mlau hukua katika miezi ya kiangazi, miezi ileile ambayo mfugaji anateremsha ng'ombe kwenye maji. Machoni pa mkulima bonde limejaa mazao. Machoni pa mfugaji aliyetoka nyanda kavu, ni malisho yasiyo na uzio. Hakuna anayesema uongo. Ng'ombe wakipita usiku mmoja, chakula cha kaya cha miezi kadhaa kimekwisha, na fidia, ikipatikana, huchelewa.

Mwezi Mei 2012 mji wa Ikwiriri, ulio kaskazini ya daraja, ulikumbwa na ghasia kati ya wakulima na wafugaji baada ya mkulima mmoja mzee kuuawa. Miaka michache baadaye ikaja hofu ya namna nyingine kabisa. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji pamoja na askari waliuawa katika maeneo ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 pekee waliuawa polisi 8. Serikali iliunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji. Mauaji hayo hayakuwa ya wakulima na wafugaji, na ni kosa kuyachanganya na mgogoro wa mlau. Lakini yaliacha athari katika msamiati: mgeni asiyefahamika, ambaye zamani alidai mkeka, sasa alikuwa mtu wa kutolewa taarifa.

Katika mazingira hayo yalienea majina mawili. La kwanza ni wavamizi. La pili ni Mang'ati, ambalo watu wa pwani wanalitumia kwa Wabarabaig na wakati mwingine kwa mfugaji yeyote mwenye fimbo. Asili yake ni Kimaasai, na maana yake ni maadui. Anayelitumia Chumbi hajui kwamba anarudia tusi la vita vya watu wengine, vilivyopiganwa mbali na Rufiji. Ni mfano mzuri wa jinsi jina linavyoweza kubeba uadui ambao msemaji hakuukusudia.

Tofauti na hali hii ni uhusiano wa Wazaramo na Wanyamwezi au Wasukuma. Misafara ya karne ya 19 iliwaleta watu wa bara pwani kwa maelfu, nao ugomvi haukukosekana, lakini baada ya muda ulizaliwa utani: mtani aliruhusiwa kutukana, kuchukua, hata kuharibu shughuli ya msiba kwa mzaha, na alilazimika kuchimba kaburi. Utani ulikuwa chombo cha kumfanya mgeni kuwa jamaa bila kumtaka aache kuwa Msukuma. Kati ya wakulima wa Rufiji na wafugaji waliokuja baada ya 2006 muda huo haujapita, na walikuja kwa amri ya serikali pamoja na mifugo, si kwa msafara unaorudi kila mwaka.

6.0 Uzawa Ulipopata Chama na Ulipokosa

Tanzania imewahi kukabiliana na uzawa kama itikadi ya wazi. Zuberi Mtemvu aliondoka TANU mwaka 1958 na kuanzisha African National Congress, akipinga kukubali kura ya mseto wa rangi na akidai nchi kwa Waafrika. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata kura 21,276, chini ya asilimia 2. Takwimu hiyo hutajwa kuonyesha kwamba uzawa haukuwa na wafuasi. Mtafiti hakubaliani na usomaji huo. Mwezi Oktoba 1961, wakati muswada wa uraia ulipojadiliwa bungeni, wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika tu, na Nyerere alilazimika kuwafananisha na Hitler na kusema kwamba serikali yake ingejiuzulu muswada ukishindwa. Waziri Mkuu hatishi kujiuzulu kwa ajili ya wazo lisilo na wafuasi. Uzawa ulikuwamo ndani ya chama kikubwa, ukazuiwa kwa sheria na kwa mamlaka ya mtu mmoja. Ulirudi mwaka 1993 katika mikutano ya Mchungaji Christopher Mtikila, na neno magabacholi, likielekezwa hasa kwa watu wenye asili ya Asia, likaenea mitaani Dar es Salaam.

Zanzibar ilikuwa na hali ngumu zaidi. Glassman (2011) ameonyesha jinsi magazeti ya vyama kabla ya uhuru yalivyoshindana kwa swali la nani mwenyeji na nani wa kuja, huku watu wa asili ya bara wakiambiwa ni wageni na watu wa asili ya Kiarabu wakiambiwa vivyo hivyo. Ghasia za Juni 1961, zilizotokea siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, ziliua watu 68. Kenya ilipata neno lake, madoadoa, kwa ajili ya walioishi katika eneo ambalo si la kabila lao. Huko Likoni mwaka 1997 watu wa bara waliambiwa kwa vipeperushi waondoke, na zaidi ya 100 wakauawa katika mashambulizi yaliyofuata. Mwaka 2022 tume ya Kenya ya utangamano wa kitaifa ililiweka madoadoa katika orodha ya maneno ya chuki. Doa halina jina wala kazi. Kitu pekee kinachofanyiwa doa ni kufuliwa.

Mfano unaopingana na hii yote ni wa Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Takriban 162,000 kati yao walipewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Ni vigumu kupata nchi nyingine iliyofanya jambo la ukubwa huo kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, mpango wa awali uliwataka kwanza wayahame makazi yao na kusambazwa mikoani, kwa jina la utangamano. Walikuwa wamelima hapo kwa zaidi ya miaka thelathini. Walikuwa wenyeji kwa kila kipimo cha lugha. Mpango huo ulisitishwa, wakabaki. Na mwaka mmoja tu kabla ya vyeti, Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ilikuwa ikiwaondoa Kagera, Kigoma na Geita watu walioitwa wahamiaji haramu, wengine wao wakiwa na wajukuu nchini. Serikali moja, katika muda wa miezi kumi na mitatu, ilitumia mantiki zote mbili.

7.0 Malalamiko na Uzawa: Kipimo cha Sentensi

Tukirudi Chumbi, tunaweza sasa kutenganisha malalamiko na uzawa kwa kipimo rahisi. Chukua sentensi mbili:

(a) Ng'ombe wameingia katika mashamba ya mlau na kula mahindi.
(b) Wasukuma wametuingilia.

Sentensi (a) ina tendo, mahali na hasara. Ukibadili mwenye ng'ombe, ukamweka Mndengereko aliyenunua mifugo (nao wapo), sentensi inabaki kweli na malalamiko yanabaki yaleyale. Sentensi (b) haina tendo linaloweza kuthibitishwa. Ukiliondoa jina la kabila, hakuna kilichobaki. Mkulima anaweza kusema (a) maisha yake yote bila kuwa na chembe ya itikadi inayoelezwa na Mudde. Anaposema (b), na hasa anapoongeza kwamba watoto wa hao waliozaliwa hapa nao warudi, amefika mahali walipokuwa washiriki wa mkutano wa Potsdam, ingawa hajui ulikofanyika. Kama walivyofanya wale, ameuruka uraia na kuutazama uzazi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haiujui uzawa. Inamjua mkazi wa kijiji, na inaruhusu mtu asiye mkazi kuomba hakimiliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji. Neno mkazi, kutoka kaa, liko karibu na mwenyeji kuliko lilivyo karibu na mzawa. Mtu huwa mkazi kwa kukaa. Udhaifu ni kwamba sheria imemtayarishia mkulima njia iliyo wazi kuliko ya mfugaji, ambaye anahitaji eneo pana kwa msimu na si shamba moja kwa mwaka mzima. Mpango wa matumizi bora ya ardhi unaweza kumtengea njia ya mifugo na eneo la malisho, lakini kalenda ya mlau haimo katika ramani, na ramani isiyoonyesha miezi haiwezi kuzuia ng'ombe wa Agosti.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha tena bonde, na watu wa Muhoro wakatakiwa kuhamia ardhi ya juu, Chumbi ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Waliofika ni ndugu na jamaa wa wanaowapokea, kwa hiyo neno lililotumika ni waathirika. Ardhi waliyoihitaji, hata hivyo, ni ileile inayogombewa, na kila familia mpya inayopimiwa kiwanja inapunguza nafasi ya kupitisha mifugo. Mgogoro ujao unaweza kuanzia hapo, na utaanza kama ajenda katika mkutano mkuu wa kijiji.

Muhtasari wa mkutano huo huandikwa na Ofisa Mtendaji wa Kijiji kwa Kiswahili, kwa mkono, katika daftari. Yeye ndiye atakayeamua kama ajenda iandikwe "uharibifu wa mazao ya mlau" au "tatizo la wavamizi". Ajenda ya kwanza inaweza kupelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji ikiwa na mlalamikaji, mlalamikiwa na hesabu ya magunia. Ya pili haina pa kupelekwa.